Upana wa Boriti

Dari ya chokaa ya nyumba aliyoijenga marehemu babu, hapa Bagamoyo, ilikuwa ikitumwagia vumbi kwenye chakula. Nikachoka. Nikaita fundi aifunike kwa jipsamu, yaishe.

Akapanda ngazi, akabandua chokaa kidogo atafute pa kupigilia misumari. Boriti za mikoko zikatokea, nyekundu, nzima kabisa.

"Tazama, mama, zote zimetoka ukuta hadi ukuta," akasema. "Hakuna iliyoungwa. Mikoko hairefuki zaidi ya hapa, ndiyo maana vyumba vyenu vyembamba."

Tangu utotoni nilimwita babu bahili kwa vyumba hivyo. Nikavua viatu, nikakivuka chumba taratibu. Hatua nne: urefu wa mti mmoja.

Nikamwambia fundi aache jipsamu, alete chokaa. Babu nikamwomba radhi, macho yangu yakiwa kwenye boriti zake.