Mama Barafu, anayeamsha dawa ya mara moja maishani

Saa mbili asubuhi. Mama Barafu anavaa glavu za pili juu ya za kwanza, anafungua friza ya nyuzi sitini chini ya sifuri na kutoa vichupa vinne, kila kimoja kidogo kama kidole gumba.

"Haya amkeni, kazi inatungoja," anaviambia. Mfamasia mkuu, aliyekwisha kuzoea vituko vyake, anacheka tu.

Ndani ya vichupa mna virusi.

"Watu wakisikia hivyo hunikimbia," anasema. "Lakini hawa wamenyang'anywa ugonjwa wao. Ni kama mwizi anayeijua milango yote ya nyumba. Tumemkamata, tukamtwisha mkate, tukamwambia: haya, peleka ndani!"

Mkate wenyewe ni jeni nzima, inayopelekwa kwenye seli za neva za mtoto aliyezaliwa na jeni mbovu. Bila hiyo misuli yake hulegea siku hadi siku, mpaka kupumua kunakuwa kazi.

Mama Barafu, 47, aliingia hospitalini hapa kama mfagiaji. Alipiga deki korido hizi miaka tisa, akasoma ufundi wa dawa jioni huku ana watoto watatu.

"Mume wangu ni fundi cherehani. Aliniambia, 'Wewe soma, jikoni niachie mimi.' Mwaka wa kwanza tulikula vilivyoungua!"

Kazini, hata hivyo, hakuna mzaha. Dawa hii hutolewa mara moja tu maishani, na ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu. Ndiyo maana hagusi friza kabla ya kupiga simu wodini kuhakikisha mtoto hana homa, kwani mwenye homa hapewi.

Miaka miwili iliyopita, mtoto wa kwanza kutibiwa hapa alikuwa binti wa miezi saba, kilo sita na nusu, shingo haibebi kichwa.

"Mpimeni joto tena," Mama Barafu alimwambia muuguzi kwenye simu.

"Tumeshampima, dada."

"Nawaomba. Heri mnione kero."

Joto lilikuwa limepanda. Tiba ikaahirishwa, na baba wa mtoto akaja kwenye dirisha la famasia, amewaka kwa hasira.

"Ni wewe uliyemzuia mwanangu?"

"Ni mimi, kaka yangu. Dawa yake imelala salama. Homa ikimtoka, nitaiamsha kwa mikono yangu."

Siku ya kumi na mbili, aliiamsha.

Wiki iliyopita baba yule alirudi dirishani. Alisogea pembeni tu. Nyuma yake binti alikuwa anakuja, vyuma miguuni, kiganja ukutani, hatua moja, kisha nyingine.

"Msalimie shangazi yako," baba akamwambia alipofika.

Mama Barafu alitoka mbio, akapiga magoti sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Nilikuwa najua kilo zake tu, kwenye karatasi ya dozi," anasema. "Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona."

Mwakani binti anaanza chekechea, na shangazi amealikwa siku ya kwanza. Ameshaomba likizo.

"Baba yake aliniuliza kama nitambebea begi. Nikamwambia thubutu! Begi atalibeba mwenyewe. Mimi nitatembea nyuma."