Genoveva na Mayungiyungi ya Dhahabu

Genoveva wa mtaa wa Jane and Finch, niliyekuwa nikiimba naye kwaya, alifanya kazi katika mkahawa wa Kijapani kule mji wa Richmond Hill. Kutwa alimenya mizizi ya yungiyungi, akaikata vipande vyembamba na kuiloweka kwenye maji ya siki isije ikageuka nyeusi. Hamu yake ilikuwa moja tu: apewe jiko, apike. Mpishi mkuu alikuwa anastaafu, na mwenye mkahawa, Bi Sumiko, alikuwa hajaamua amchukue yeye au Candide, Mkongomani aliyemtangulia kazini.

Bi Sumiko alimfundisha kwamba mzizi ule huliwa Mwaka Mpya kwa sababu ya matundu yake. Anayechungulia humo huona heri ya mwaka unaokuja. Genoveva akawaza, kama mzizi una baraka hivyo, ua je? Mwaka 2009, sherehe ya kuzaliwa ya Bi Sumiko ilipokaribia, aliona dukani mayungiyungi ya karatasi ya dhahabu. Akamuuliza Candide kama yanafaa kuwa zawadi.

“Nunua tu, maman,” Candide akamwambia. “Atalia kwa furaha, vraiment, kweli kabisa.”

Mnafiki mkubwa! Mume wa Bi Sumiko alipofariki, Candide huyohuyo ndiye aliyebeba mayungiyungi kama yale kwenye mazishi. Mzizi ni wa sherehe. Maua yale ya dhahabu ni ya maiti. Alijua fika.

Genoveva aliyapanga mbele ya kiti cha Bi Sumiko, akiwa amevaa kitenge chake kizuri, anatabasamu. Bi Sumiko alipoyaona akasimama mlangoni, asiingie. Mwanawe akayazoa yote, akayatupa kwenye mfuko wa taka mbele ya wageni. Candide akajishika kifua, eti naye ameshtuka.

Kesho yake Genoveva akaenda kuomba radhi. Alipomtaja Candide, Candide akaapa kwa Bikira Maria kwamba hakuulizwa kitu. Bi Sumiko akamshika Genoveva mkono.

“Najua hukujua,” akasema kwa upole. “Ndiyo maana siwezi kukupa jiko. Anayepika chakula cha Mwaka Mpya lazima ajue.”

Nilimsihi aache kazi ile. Damu ilikuwa ikinichemka mimi, si yeye.

“Niende wapi, dada?” akanijibu.

Jumatatu Candide alivaa aproni ya mpishi mkuu, akamsogezea Genoveva ndoo ya mizizi.

“Vyembamba, maman,” akasema.

Genoveva akachukua kisu, akaanza kumenya.