Beji ya Padre

Nikisimulia hili huwa naziba uso na kitenge kwanza, kwa hiyo mnivumilie. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, tawi la hapa Mbinga, mama mzima mwenye wajukuu, na kuna Jumamosi moja niliwasimamisha watumishi wote wa tawi katikati ya hotuba ya Mkurugenzi, wakafanya ishara ya msalaba, na hakuna hata mmoja aliyejua tunasali kwa ajili ya nini. Hata mimi sikujua.

Masikio yangu yalikuwa yameanza kufifia miaka mitatu nyuma na sikumwambia mtu. Niliogopa wataninyang'anya vipindi wanipeleke maktaba kupanga vitabu, na kufundisha ndiyo kazi pekee ninayoiweza (kupika siwezi, mume wangu atawaambia). Aliyejua ni Kinunda peke yake, afisa anayeshughulikia watumishi wenye ulemavu, ndiye aliyeniombea makao makuu mashine mbili ndogo za kuvaa masikioni pamoja na kipaza sauti cha ukubwa wa kidole gumba, ambacho unambania anayezungumza kifuani na sauti yake inakujia moja kwa moja. Vilikuwa vya majaribio. Mkurugenzi angekuja kuona vinavyofanya kazi, akiridhika vinabaki, asiporidhika vinaondoka naye kwenye gari, na mimi narudi kusoma midomo ya watu na kuitikia "ndiyo" kila nikiona kidevu kimetulia.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa parokia, maana wa kwetu ulikuwa na mitihani. Padre Ndimbo, mzee wetu wa siku nyingi, aliombwa afungue kwa sala, na Kinunda akanipa ishara nikambandike kipaza sauti. Nikamwendea, nikapiga goti, shikamoo Padre, nikakibana kwenye kanzu yake. Akauliza hiki ni kitu gani. Sasa mkuu wangu wa idara alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anatutazama, na mimi badala ya kusema ukweli nikasema:

"Ni beji ya wageni rasmi, Padre."

Akafurahi mno, akaipapasa. Akasali, nikasikia kila neno kama vile ananisemea begani, halafu akapeana mikono na meza kuu akatoka zake na beji yake. Ningemkimbilia, lakini nani anamvua padre beji mbele ya wageni?

Mkurugenzi, mama kutoka makao makuu, akasimama. Akafungua mdomo, na masikioni mwangu ikaja sauti ya mzee ikisema marahaba, marahaba, hamjambo nyumbani. Nikachanganyikiwa. Zile mashine nilikuwa nazo wiki mbili tu, nikadhani labda zimeharibu sauti ya mama wa watu. Yeye anapunga mikono kwa umakini kabisa, mimi nasikia habari za mvua. Mara akanitazama usoni, mdomo ukatembea, nikasikia naulizwa kama kahawa nimeshaianua. Nikaona si adabu kumnyamazia mgeni, nikajibu kwa sauti kwamba bado mheshimiwa, kwetu Litembo kuna ukungu, iko kwenye chanja. Watu wakageuka. Kinunda akashika kichwa. (Kumbe alikuwa ameuliza kama tuliokaa mbele tunamsikia vizuri.)

Kabla sijajua nimekosea wapi, nikasikia, "Kwa jina la Baba, na la Mwana." Nikasimama. Maneno hayo mtu wa huku hayasikilizi akiwa amekaa, mkono wenyewe unapanda usoni. Mwalimu wa kulia kwangu akaniona, naye akasimama. Huku kwetu mama mzima akisimama na kufanya msalaba huulizi, unasimama, sababu utaambiwa baadaye, labda kengele imelia, labda kuna msiba. Ikainuka safu yangu, ikainuka ya nyuma, ukainuka ukumbi mzima, hadi mkuu wangu wa idara ambaye ni Mwanglikana wa Liuli. Mkurugenzi naye akaweka karatasi chini akainamisha kichwa. Wote wananisubiri niendelee na sala, na mimi nawasubiri wao. Ndipo ikaingia sauti ya bibi kizee, ya taratibu sana:

"Unibariki Padre, kwa kuwa nimekosa."

Ilikuwa Jumamosi. Padre alikuwa kwenye benchi lake nje, nyuma ya ukumbi, anaungamisha, na kitufe cha kuzimia kiko kifuani kwake.

Dhambi za mtu ni zake na Mungu, mimi ni nani nizipokee nikiwa mkutanoni? Nikapaza sauti, watu wote wameinamisha vichwa: "Bibi, usiseme. Usiseme kitu." Nikachomoa mashine, nikazitupia kwenye pochi, nikatoka mbio na kiatu kimoja, na ukumbi wote nyuma yangu, wengine wakiamini nimepandwa na pepo.

Pale benchini pa Padre sikusikia tena chochote, nikasema kwa sauti ya kufukuzia ngedere shambani: "Padre, hiyo si beji, ni kipaza sauti. Mimi sisikii. Mwaka wa tatu huu, sisikii."

Yule bibi akanishika mkono, akaonyesha sikio langu, kisha kifua chake. Nikamwapia kwamba nimesikia neno la kwanza tu. Akashusha pumzi. Padre akabandua beji yake kwa masikitiko, akamkabidhi Mkurugenzi, akanionyesha chini nipige goti, akainama hadi ndevu zikanigusa sikio, akapiga ukelele uliosikika na watumishi wote, wapishi, na bodaboda waliokuwa getini:

"Rozari tatu, kwa kumdanganya Padre."

Mashine zilibaki. Kinunda alinionyesha taarifa ya Mkurugenzi, ameandika kwamba kifaa kinafika mbali. Vipindi vyangu hakuna aliyevigusa, na siku hizi naanza kila somo kwa kuwaambia wanafunzi kwamba sisikii, hiki ni kipaza sauti, mwenye swali akivae, akimaliza anirudishie mkononi. Rozari nilizimaliza jioni ile ile. Padre ndiye bado ananidai beji.