Wageni wa Siku ya Usaili

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba na kalamu naishika mara chache, mkono umezoea jembe. Herufi za l na r hunichanganya kama wengi wa huku kwetu Nyakasimbi, kwa hiyo atakayechapa maandishi haya anisahihishie bila kunicheka. Naandika polepole. Nikichoka naacha, kesho yake naendelea.

Nataka kueleza habari za dada yangu na vyuo vya Ulaya.

Dada ni mkubwa wangu. Alisoma uhasibu chuo kikuu, akarudi, akapata kazi katika ofisi ya ushirika wa kahawa. Mwaka wa pili wa kazi hiyo alianza kusema anataka kwenda kusoma shahada ya pili ya mambo ya fedha huko Ulaya. Nilimuuliza, "Kwani fedha nazo zinasomewa mara mbili?" Akacheka, lakini hakuacha.

Kuchagua tu kulichukua msimu mzima. Jioni alikuwa anakaa jikoni na simu, ananisomea vyuo kwa Kiswahili kana kwamba mimi ndiye nitakayekwenda. Hiki cha Ufaransa kinataka mtihani wa hesabu wenye alama za juu sana. Hiki cha Italia kinachukua watu, ila ufadhili wake ni wa kubahatisha. Hiki cha Uholanzi kinafundisha mikopo na hatari zake, tena kina ufadhili kamili kwa wachache. Huku nikimenya ndizi naitikia, "Mm." Kufikia wakati wa kuanika kahawa nilikuwa najua sifa za kila kimoja kama mtu anavyojua tabia za ng'ombe wake.

Alitaka cha Uholanzi kwa sababu ya butura. Butura ni pale mkulima mwenye shida anapouza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya mnunuzi. Baba alifanya hivyo miaka mingi mpaka alipofariki. Dada alitaka kujua namna ya kutengeneza mkopo ambao mkulima anaweza kuubeba, asiuze maua. Aliandika hayo katika barua yake ya maombi, akafuta, akaandika tena. Alinisomea kila mara ilipobadilika. Nilichoka na barua ile, Mungu anisamehe. Yeye alichoka zaidi. Bodaboda za kwenda mjini Rubwera kuskani vyeti, umeme kukatika akiwa kwenye foleni, mwalimu wake wa chuoni aliyeahidi kumwandikia barua ya udhamini akawa kila siku anasema kesho. Alikonda.

Ufaransa walikataa mapema. Italia walimkubali bila ufadhili, na bila ufadhili ni sawa na kutokubaliwa. Ikabaki Uholanzi. Hao wakamwita kwenye usaili.

Usaili wenyewe haukuwa na mtu. Alinieleza hivi: kompyuta inakuonyesha swali, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha kamera inawaka yenyewe na unaanza kujibu huku saa ndogo inahesabu kurudi nyuma. Ikifika mwisho inafunga. Hakuna kurudia. Alikuwa amepewa siku za kufanya, akazitumia kujizoeza mpaka ikabaki siku ya mwisho.

Asubuhi hiyo mama alikwenda shamba la mbali. Dada alitandika shuka jeupe ukutani chumbani, akavaa koti la suti juu na kitenge chini, akaniweka kwenye njia inayoingia nyumbani, pale migomba inapoanza.

"Mtu asiingie," akaniambia. "Hata kidogo."

"Nitawaambia nini?"

Alifikiri. Hapa kwetu huwezi kumwambia mtu arudi kwa sababu una kazi. Kazi gani hiyo ya kukaa ndani?

"Waambie naumwa kichwa."

Nikaona ni jibu zuri. Yeye mwenyewe aliliona zuri. Sijui tulikuwa tunafikiri nini wote wawili.

Wa kwanza kupita alikuwa bibi jirani yetu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona umekaa hapo kama uliyefiwa? Dada yako yupo?"

"Yupo ndani. Anaumwa kichwa."

"Kichwa? Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Waitu! Na mama yenu amemwacha?"

Aligeuka akarudi alikotoka, anatembea haraka kuliko alivyokuja. Nilifurahi. Mimi ni mtu wa aibu, maneno hunikwama mbele za watu, na nilidhani nimemaliza kazi bila kusema mengi.

Muda si mrefu nikasikia sauti za wanawake kwenye njia. Bibi alikuwa mbele na chupa ya uji. Nyuma yake walikuja kina mama wa jumuiya yetu, mmoja na mkungu kichwani, mmoja na maziwa, na mwenyekiti wao ameshika rozari. Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Mgonjwa huku haachwi peke yake. Mgonjwa huendewa.

Nilisimama. "Amelala," nikasema.

"Ndiyo maana tumekuja," mwenyekiti akajibu. "Angekuwa anatembea, angekuja mwenyewe."

"Lakini..."

"Kijana, sogea. Umekuwa mlinzi wa benki?"

Walicheka. Nilitaka kusema ukweli, kwamba yuko kwenye usaili, kwamba ni siku ya mwisho. Ukweli wenyewe ulikuwa mrefu, nami sikuona pa kuuanzia. Nikasogea.

Sebuleni walisimama ghafla. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti ya dada ilikuwa inasikika, kubwa na ya haraka, kwa Kiingereza.

"Anaongea na nani?" Bibi akauliza.

"Yuko peke yake," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Kizungu, peke yake! Jamani, malaria imempanda kichwani."

Akafungua pazia. Nilikuwa nyuma yake, nikaona. Dada alikaa wima mbele ya kompyuta, na pembeni ya kioo saa ndogo inashuka. Hakugeuka, akaendelea kusema. Bibi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha shingoni.

"Hana joto," akawaambia wenzake. "Hii ndiyo mbaya."

Dada alikwama kwenye neno moja. Akalisema tena. Kisha macho yake yakapanda kwa yule mama mzee aliyemshika, na nafikiri hata angekuwa ndani ya ndege angefanya vile vile.

"Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Saa ikaisha. Kioo kikabadilika. Dada akalaza kichwa mezani, na kina mama walipoona hivyo hawakuhitaji uthibitisho mwingine. Wakaanza sala. Yeye naye alisali nao, kisha akanywa uji wote akiwa na koti la suti.

Mama aliporudi na jembe lake alikuta nyumba imejaa.

"Nani mgonjwa?" akauliza.



Swali alilokuwa anajibu dada Bibi alipoingia lilikuwa la mwisho na kubwa kuliko yote: kwa nini amechagua chuo hiki na si kingine. Hakufika kwenye butura. Aliwaandikia akaeleza kilichotokea, wakajibu kwa adabu kwamba watapima kilichorekodiwa. Nilimwomba msamaha. "Hukukosea," akasema. "Maneno nilikupa mimi." Alisema bila hasira, na kwangu ingekuwa afadhali hasira.

Jumapili baada ya Jumapili Bibi alimuuliza kanisani, "Umepona?" Naye alijibu, "Nimepona, Bibi."

Jibu la chuo lilikuja mwezi uliopita. Wamemweka kwenye orodha ya kusubiri.

"Ndiyo au hapana?" mama akauliza.

"Si ndiyo, si hapana. Mwingine akiacha nafasi, wananiita."

"Kwa hiyo jumuiya tumwombee mtoto wa mwenzangu asiende?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Asubuhi dada anakwenda ushirika, jioni anapanda kilimani kwenye mtandao, maana wa nyumbani umeanza kusumbua, anashuka, namwekea chakula. Siku hizi hanisomei chochote, na sikutegemea kwamba ningetamani kusomewa.

Ninyi mnaosoma, kama kuna aliyewahi kuwekwa kwenye orodha kama hiyo, au anayemjua aliyewekwa, naomba aniandikie aniambie kama huwa wanaita kweli, na huwa wanaita lini. Dada hajui kwamba nauliza. Hata kama jibu si zuri, andikeni, mimi nitajua namna ya kumwambia.