Tuta la Nepia Kando ya Barabara ya Zamani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilisikia msumeno wa injini upande wa barabara ya zamani. Niliandika saa hiyo nyuma ya bahasha kabla ya kuvaa viatu. Nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kwa miaka mingi, na mpaka leo huandika kwanza, kisha hushtuka.

Barabara hiyo inapita mgongoni mwa kilima, juu ya shamba letu, upande wa Kanyakine. Babu zetu waliichimba kwa majembe enzi za mkoloni, bila malipo, na madaraja yake madogo ya mawe bado yanapitisha maji. Mijakaranda imesimama pande zote mbili. Inapochanua, maharusi hutoka hata Embu kuja kupigwa picha, na asubuhi isiyo na ukungu Mlima Kenya huonekana wote mpaka kileleni.

Mwenye msumeno alikuwa mtu wetu, aliyetajirikia Nairobi akarudi kununua ekari nne ng'ambo ya barabara. Alitaka kujenga nyumba ishirini za kuuza, ndani ya ukuta mmoja. Mjakaranda mmoja ulikuwa tayari umelala.

"Muga, Karani," alinisalimu. "Umekuja kuokota kuni?"

"Nimekuja kukuambia mti huo ni wa barabara."

"Barabara ni hiyo unayokanyaga. Huku ni kwangu, nina hati."

"Na hati yako inaanzia wapi?"

"Si upime!" Akacheka, na wafanyakazi wake wakacheka naye. "Leta ile kamba ya ng'ombe unayopimia."

Nilikwenda ofisi ya ardhi siku hiyo hiyo. Afisa, mama mwenye miwani, alisimamisha msumeno kwa siku kumi na nne.

"Barabara ina futi thelathini kila upande, kutoka katikati," alisema. "Niletee mchoro wa kipande chote, daraja hadi daraja. Nitauhakiki mwenyewe. Nikiukubali, hakuna atakayekata mti wala kujenga ndani ya futi hizo. Lakini pande zote mbili, mzee. Nusu mchoro sipokei."

Nilitoka nimefurahi. Upimaji nilikuwa nimejifundisha kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa wauza mitumba mjini Meru, na hakuna aliyewahi kunihitaji kwa ajili yake.

Nilianza upande wake. Siku nne. Mtaro aliouchimba kwa ajili ya ukuta ulikuwa ndani ya barabara kwa futi saba, nami niliandika saba hiyo kwa raha ambayo sasa naionea haya. Jumamosi nikavuka kuja upande wetu.

Upande wetu kulikuwa na msingi wa vyumba vinne vya kupangisha. Mke wangu aliuweka kwa fungu lake la chama cha akina mama, alilolingojea miaka tisa. Anachuma chai, na magoti yake yamechoka. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ingemtoa shambani.

Mpaka wetu, tulivyojua siku zote, ulikuwa tuta la nepia, majani ya ng'ombe, na msingi ulikuwa nyuma yake tu. Nilinyoosha tepu kutoka katikati ya barabara. Ilipaswa kufika thelathini kwenye tuta. Ilisoma kumi na tisa, pungufu kwa futi kumi na moja. Nilipima mara nne.

Kisha nikaelewa. Tuta lile ni la fanya juu, lililochimbwa kuzuia udongo usisombwe na mvua. Kila mwaka baba alizibua mtaro, akatupa udongo upande wa juu kama jina linavyoagiza, akapanda nepia mpya juu yake. Barabara iko juu yetu. Tuta lilipanda kuielekea, jembe kwa jembe, nasi tukapanda nalo. Hakuna aliyekusudia kuiba. Mimi mwenyewe nimetupa udongo huo miaka thelathini.

Nilichimba pale tepu iliposoma thelathini. Mawe ya mpaka wa barabara, ya enzi za mkoloni, yalikuwa chini, yamepangwa vizuri, katikati ya chumba cha pili. Na nyuma ya msingi shamba linaporomoka ghafla hadi kwenye chai. Hapakuwa na pa kurudi nyuma.

"Tepu imesema nini?" mke wangu aliuliza.

"Imesema na sisi pia."

Alikaa juu ya jiwe. "Baba watoto, hukuweza kupimia kwetu kwanza?"

Niliandika kumi na tisa, nikaikunja tepu.

Jumapili baada ya kanisa yule jirani alikuja mwenyewe. Alikuwa ameona shimo langu.

"Karani, wewe uko barabarani kuliko mimi. Chana hiyo karatasi. Mimi nikae, wewe ukae."

"Na miti?"

"Miti itaota kwingine. Kuna watu wameweka akiba zao kwangu, kama mama hapa alivyoweka kwako."

Alisema kweli. Ndilo lililonikera.

Mchoro ulikaa siku tatu chini ya redio. Nikiupeleka, namrudisha mke wangu kwenye chai kwa mkono wangu. Nikiuchana, msumeno unarudi Jumatatu. Nikiuchora upande wetu kwa kufuata tuta, afisa atakuja na tepu yake. Nililala na kuamka ndani ya futi hizo kumi na moja.

Siku ya nne mke wangu aliutoa mwenyewe chini ya redio.

"Peleka," alisema. "Sitaki kuzeeka nikitegemea yule jirani aendelee kutunyamazia."

Afisa alikuja, akapima, akatia sahihi. Jirani alirudisha ukuta nyuma, na nyumba zake zikawa kumi na saba. Miti iliyobaki imesimama. Sisi tulipewa mwezi mmoja, tukaubomoa msingi wenyewe ili mawe yasivunjike. Mtu pekee aliyekuwa akinunua mawe alikuwa jirani yule, kwa ajili ya ukuta wake.

Mke wangu bado hutoka na kikapu chake saa kumi na mbili na nusu, hupita pale palipokuwa chumba cha pili, na hatazami chini. Ukitoa tulicholipwa kwa mawe, tulipoteza shilingi laki mbili, elfu themanini na saba, mia nne.