Magoti Yaliyogoma Mbele ya Mama Mkwe

Nasimulia haya bila kuinamisha kichwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, niliajiriwa kuwa karani wa mizani. Siku moja wapakiaji walinicheka kwamba mwanamke kazi yake ni kalamu. Nikaiweka chini, nikapandisha magunia kwenye lori pamoja nao mpaka jioni.

Kesho yake mapaja yaliuma kama yametwangwa. Asubuhi hiyohiyo mama mkwe akafika kutoka Migato. Nikapiga magoti kumwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mayu, yaani mama.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka. Inuka, mwanangu.”

Miguu ikakataa. Nikabaki chini nikitabasamu, naye uso ukabadilika. Akadhani naomba msamaha.

“Umemkosea nini mume wako?”

“Sijamkosea, mayu. Misuli imekaza. Jana nilipakia pamba na wanaume.”

Akamwita mume wangu aninyanyue. Aliponishika kwapani nilipiga yowe, majirani wakajaa uani. Mama mkwe akaniuliza mbele yao kama nitarudia kupakia pamba.

Nikiwa nimening’inia mikononi mwa mume wangu, magoti bado yamekunjwa, nikamjibu, “Nitarudia, mayu. Ila kwanza naomba mnikalishe.”