Keki ya Penina Mwisho wa Matembezi

Penina wa Nshambya, Bukoba, alijaliwa mengi na Mungu, ila mkono wa kuoka hakupewa. Hayo yalikuwa maneno ya wifi yake Magdalena, na kwa kuwa Magdalena anauza mikate kule Nshamba, ukoo mzima uliamini. Krismasi ya mwaka juzi aliionja keki ya Penina, akatafuna weee, akasema, "Wifi, hii ungempa fundi aanzie msingi." Watu wakacheka. Penina naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi mwaka huu usharika ulipoandaa matembezi ya Krismasi, wageni waone taa za mtaani na kuonja vitamu katika nyumba nne, Penina akachaguliwa kuongoza. Akaomba jambo moja tu, nyumba ya mwisho iwe yake. Akaagiza asali kwao Ijumbi, akaoka keki ya ndizi mbivu kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, huku akiimba. Magdalena akapata habari, akapanda gari kutoka Nshamba. "Nimekuja tusali pamoja," alisema, akaketi sebuleni kuikabili keki.

Saa moja jioni, tarehe ishirini na nne, wageni kumi na wawili walikusanyika kwenye lango la kanisa. Wengi walikuwa watoto wa Kihaya waliozaliwa Dar es Salaam, wanaoiona Bukoba mara moja kwa mwaka. Penina akawapa utaratibu.

"Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni aonje. Mwenyeji asipoonja, usiguse, hata ukibembelezwa. Ndiyo heshima. Na tunaonja tu, hatuli."

Kijana mmoja, Mwesiga, akayaandika kwenye simu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Gamaliel. Alikuwa amezungushia vitaa vya rangi migomba miwili ya langoni, na mmoja ulikuwa na mkungu, hivyo ndizi zikawa zinawaka nyekundu na kijani. Mzee akaonja omuramba, ile juisi yetu ya ndizi, kisha akawajazia wageni vikombe vinne vikubwa vya kupokezana, hadi ukingoni. Wao wakanywa funda moja moja, wakaweka chini, wakashukuru sana.

Gamaliel akavitazama vikombe. "Penina mwanangu, wameukataa?"

"Hawajaukataa, waitu, mzee wangu. Watu wa mjini hunywa polepole."

Wageni walipotoka kupiga picha migomba, Penina akabaki nyuma. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, hadi cha nne, mzee asije akalala na aibu mkesha wa Krismasi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bashiri na mkewe Maimuna. Ni Waislamu, lakini walining'iniza taa kuwapita Walutheri wote wa mtaa. "Krismasi ni yenu," Bashiri alisema, "ila giza la barabarani ni letu sote." Maimuna akaonja kisheti kimoja, akasogeza sinia. Wageni wakamega ncha ncha, wakaondoka wakisifu taa.

"Dada Penina, nimekosea sukari?"

"Hujakosea, mdogo wangu." Penina akala visheti kumi na kimoja, kwa upendo.

Kwa mjane mwenzake Kokuhirwa zilikuwa kashata za karanga, na mambo yakawa yaleyale. Hapo Penina alikula amesimama, maana kukaa kulikuwa kumeshakuwa kugumu.

Walipofika kwake alikuwa amelegeza kanga mara mbili. Keki ilikuwa mezani kwenye sinia, inanukia asali, na Magdalena ameketi pembeni, mikono kifuani.

"Karibuni, onjeni," alisema Penina.

Hakuna aliyesogea. Mwesiga akatazama simu yake. "Mama, wewe kwanza."

Penina akaiangalia keki. Hata punje ya mchele isingepita.

"Tuombe," alisema.

Akaombea kahawa na mvua. Akawaombea wasafiri, wagonjwa kwa majina yao, na viongozi wa ngazi zote, akitumaini visheti vitashuka kidogo. Alipowafikia mabalozi wa nyumba kumi, Magdalena alikuwa ameshasema "Amina" mara tatu, na ile ya tatu ilikuwa na mkazo.

Wakafumbua macho. Keki haijaguswa.

"Wifi," alisema Magdalena taratibu, "hata wewe unaiogopa?"

Wageni wakaanza kuitazama keki kwa mashaka. Penina akaona kazi yake yote inakwenda na maji.

"Sitadanganya siku kama hii," alisema. "Mlivyobakiza kwenye zile nyumba tatu, nimevimaliza mimi, wenyeji wasione aibu. Nimeshiba hadi hapa." Akagusa koo.

"Mama," alisema Mwesiga, "sisi tulibakiza kwa heshima. Tangu mchana hatujala."

Penina akachukua chembe ndogo kama mguu wa sisimizi, akaiweka ulimini, akafumba macho, akaisukuma kwa maji. "Haya."

Alipofumbua macho sinia ilikuwa nyeupe. Binti mmoja aliuliza kama kulikuwa na kilichogandia sufuriani.

Magdalena alikuwa amewahi vipande viwili. Kimoja akala, akitafuna polepole.

"Asali ya wapi?"

"Ijumbi."

Kile cha pili akakifunga kwenye jani la mgomba, akakiweka kabatini. "Hiki chako. Uonje kesho ukitoka kanisani, ujue ulichopika. Na usije ukampa mtu."

"Asante, wifi," alisema Penina kutoka kitini. "Sasa nisaidie viatu."

Magdalena akapiga magoti akamvua, maana kuinama Penina hakuweza.